Kufuli la Nne

Jumatatu, 9 Juni

Siku kubwa! Shangazi ameandika. Anakuja Ijumaa, kwa ndege, kutoka huko ng'ambo alikoishi miaka thelathini. Anakuja kukagua. Neno lake mwenyewe hilo: kukagua. Nimelisoma mara tatu nikiwa nimesimama, mara ya nne nikiwa nimekaa.

Niandike mambo kwa mpangilio, maana siku moja shajara hii itawekwa kwenye kabati la kioo na watu watapanga foleni.

Shangazi na wenzake waliohamia huko wana umoja wao. Kila mwezi wanachanga, na mchango unakuja kwa akina mama kumi na tisa wa mtaa wetu, ambao kila Jumamosi alasiri wanakopeshana mtaji. Mmoja anakopa cherehani, anarejesha kidogo kidogo, kisha anakopa mwenzake. Fedha zinakaa kwenye sanduku la chuma lenye makufuli matatu. Funguo tatu zinashikwa na wanawake watatu. Sanduku lenyewe linakaa kwa mtu wa nne asiye na ufunguo hata mmoja, ili asipatikane mtu wa kulifungua peke yake.

Mtu huyo wa nne ni mimi. Walinichagua kwa sababu dirisha letu lina nondo.

Sasa, kwenye taarifa ninazompelekea Shangazi kila mwezi, huwa natia sahihi kama Mkurugenzi Mtendaji. Cheo hiki hakuna aliyenipa. Hakuna pia aliyenikataza. Nimemwandikia kwamba taasisi ina makao makuu, ina chombo cha usafiri (baiskeli yangu, breki ya nyuma iko kwa fundi), na ina wafanyakazi kumi na tisa ninaowaongoza kwa upole lakini bila mchezo.

Kiini cha ujumbe ni hiki. Umoja wao unafanya mkutano mkuu mwezi wa tisa, na utamlipia tiketi ya ndege kiongozi mmoja kutoka huku akahutubie. Kiongozi mmoja! Nimeshachagua kiti. Dirishani.

Nimempasha mke wangu habari. Amesema vizuri, kisha akauliza kama nakumbuka Jumamosi ni siku gani. Nakumbuka, nakumbuka. Ni zamu yake ya kukopa. Ameisubiri miaka miwili. Anataka tanuri la mikate. Fundi wa kuchomelea vyuma ameshalitengeneza, lakini mwenye mkahawa wa njia panda naye amelimezea mate, na fundi amesema hatangoja zaidi ya Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Mpaka leo mke wangu anaoka kwa jirani wa ng'ambo ya barabara. Anavuka na trei kichwani kila alfajiri, iwe mvua, iwe matope. Nimemwambia asiwe na shaka, mumewe ni Mkurugenzi. Ameniangalia kidogo, akarudi kukanda unga.

Jumanne, 10 Juni

Makao makuu hayapo. Hilo ni tatizo dogo.

Nimekwenda kwa Kinyozi. Ana chumba cha nyuma anachowekea taulo, mafuta na kiti cha kunyolea kilichovunjika mguu. Nikamwomba chumba mpaka Jumamosi. Akataka kujua yeye atapata nini. Nikamwambia heshima. Akasema heshima anayo ya kumtosha, anataka cheo. Tumevutana nusu saa nzima, mteja akiwa na povu kidevuni. Mwishowe nimempa Ujumbe wa Bodi. Bodi ina mjumbe mmoja, ambaye ni yeye. Mara hiyo hiyo akaanza kushika wembe kwa vidole viwili na kuzungumza taratibu. Nikamwonya asijisahau, mimi ndiye mkuu. Akanijibu kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake, na katika nywele yeye hana mpinzani.

Kisha kibao cha mlangoni. Mchora mabango analipisha kwa herufi! Wizi wa mchana. Nilichokuwa nacho mfukoni kilitosha herufi kumi na mbili. Tumepiga hesabu ukutani kwa chaki, tukapata MKURUGENZI MT. Nukta amenipa bure.

Kibao kimekaa vizuri sana. Jioni bibi mmoja alisimama mbele yake, akakisoma polepole, akauliza mtakatifu huyo anaombwa kwa magonjwa gani. Nikamwambia yote. Akaacha yai.

Jumatano, 11 Juni

Koti langu la harusi limekataa kufunga vifungo. Ikabidi niende kwa Mama Kanuni.

Mama Kanuni ni mshona nguo. Ni Katibu wa chama pia, na mshika ufunguo wa kwanza. Katiba ya chama aliiandika yeye, vifungu thelathini na mbili, na anaijua kwa moyo. Kuchelewa, faini. Simu kulia, faini. Kusema ukiwa umeketi, faini. Aliwahi kujitoza mwenyewe kwa kupiga chafya wakati kumbukumbu zinasomwa. Kwenye taarifa zangu nimemtaja kama karani wangu, anajitahidi.

Ameuzungusha utepe kiunoni mwangu na kuitaja namba kwa sauti ya mnadani. Wateja watatu wakageuka. Mmoja akaomba irudiwe.

Akauliza koti la nini. Nikasema shangazi yangu anakuja kupumzika, ni mtu mzima, sikio lake zito kidogo, angependa kuketi tu mkutanoni bila kusumbuliwa na maswali. Akasema anakaribishwa. Kifungu cha kumi na moja: mgeni huketi, wala hasemi mpaka aombe ruhusa. Nilitaka kumkumbatia! Kifungu kizuri namna hiyo nilikuwa nacho miaka yote na sikukijua. Wanawake hawatamwuliza Shangazi, Shangazi hatawauliza wao, na mimi nitakaa katikati nikitabasamu.

Lakini nimeona jambo. Mama Kanuni anaposema, anaushika ufunguo wake unaoning'inia shingoni. Anaushika tu, na watu wote dukani wananyamaza. Hata mimi nilinyamaza, nikiwa nimenyoosha mikono kama nguo kwenye kamba.

Ndipo nilipoelewa. Mwenye ufunguo ndiye mwenye neno! Miaka mitano nimelala juu ya sanduku lile, nimelipangusa vumbi, nimelifukuzia panya, na neno sina. Kwa nini? Kwa sababu ufunguo sina.

Leo sitalala vizuri kwa furaha.

Alhamisi, 12 Juni

Nimenunua kufuli.

Si kufuli la mchezo. Ni la ghala, zito kama jiwe la kusagia. Muuzaji ameapa kwamba wezi wakiliona huwa wanaomba radhi na kuondoka. Huuzwa pamoja na funguo mbili, ila wa hili mmoja ulipotea dukani, kwa hiyo nimepunguziwa bei. Bahati hiyo! Funguo mbili ni za kazi gani? Mtu ana mifuko mingapi?

Na sasa ajabu yenyewe. Fundi alipolichomelea lile sanduku miaka ile, alihesabu vibaya akaweka pete nne. Makufuli matatu, pete nne. Pete ya mwisho, upande wa kulia, imekaa tupu miaka mitano. Tulikuwa tunamcheka fundi. Kumbe pete ilikuwa inamngoja mwenyewe.

Nimesubiri mke wangu avuke barabara na trei. Nikalivuta sanduku kutoka uvunguni. Nikaliingiza kufuli. Likalia ka! Sauti ya madaraka. Nikalifunika sanduku kwa kile kitambaa chake cha maua, kama linavyofunikwa siku zote.

Mpango ni huu. Jumamosi mbele ya Shangazi, wanawake watatu watafungua makufuli yao. Watakwama. Watatazamana. Hapo mimi nitainuka pole pole, nitapiga hatua nne, nitautoa ufunguo kwenye koti, nitafungua, na Shangazi atajionea kwa macho yake kwamba bila Mkurugenzi chama hiki hakifunguki. Sihitaji hata kusema. Lakini nitasema. Hotuba ni kurasa sita.

Nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo cha Kinyozi. Amesema imemgusa, ila ukurasa wa tatu unahitaji kupunguzwa pembeni.

Ijumaa, 13 Juni

Shangazi amefika! Mdogo kwa umbo kuliko nilivyomkumbuka, miwani mikubwa, viatu vya raba. Nimemvulia kofia, nimembebea mkoba, nimempa pole ya safari mara tano. Ana kikohozi. Masikini, nadhani ni mabadiliko ya hali ya hewa.

Kilimwanza pale pale makao makuu. Alisoma kibao, akakohoa. Nikamkaribisha kwenye kiti cha wageni, kile cha kunyolea, nikakiegemeza kwa matofali mawili. Akauliza wafanyakazi wako wapi. Nikasema wote kumi na tisa wako nyanjani, mimi siwafungii ofisini. Akaweka leso mdomoni, akakohoa mpaka machozi. Nikamletea maji.

Wakati namweleza muundo wa taasisi, mzee mmoja akaingia, akavua shati, akaketi kwenye meza yangu akisubiri kupunguzwa ndevu. Nikamtambulisha kuwa ni mdau. Kisha Mjumbe wa Bodi akapitisha kichwa mlangoni kuuliza kama kuna mtu amekaa juu ya taulo zake. Alikuwa Shangazi.

Nilimwomba jambo moja tu: kesho mkutanoni asiwaulize wanawake mambo ya vyeo, maana wana haya mbele ya wageni. Akasema ameelewa. Akauliza yule karani wangu, anayejitahidi, anaendeleaje. Nikasema namvumilia. Leso tena! Kikohozi kile si cha kupuuza.

Jioni alikaa jikoni na mke wangu muda mrefu. Niliwasikia wanacheka. Nimefurahi wanapatana. Nilipoingia walinyamaza, mke wangu akaniuliza kama sanduku liko salama. Nikamwambia halijawahi kuwa salama kama leo.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika nikiwa nimevaa koti lenye mkono mmoja na robo. Nitaeleza.

Nililifunga sanduku nyuma ya baiskeli, kitambaa juu yake. Shangazi na mke wangu walitangulia kwa miguu. Chama kinakutana kwenye shule ya chekechea, chini ya mteremko, saa tisa kamili. Koti linafunga. Hotuba mfuko wa kushoto. Ufunguo mfuko wa kulia pamoja na sarafu. Nilikuwa na dakika kumi za ziada. Nilikuwa na kila kitu isipokuwa breki ya nyuma.

Nilipita lango la chekechea kwa kasi ambayo sikuichagua. Wanawake walikuwa wamesimama nje. Niliwapungia mkono ili ionekane nilikusudia. Nikapita duka la mkaa, nikapita ua wa fundi redio, nikasimama ndani ya shuka la mtu lililoanikwa. Kurudi ilikuwa ni kusukuma. Nimefika nimechelewa dakika nne.

Mama Kanuni alikuwa ameshafungua daftari. Kifungu cha pili, faini ya kuchelewa. Kwenye kifuniko cha sanduku kuna tundu, faini hutumbukizwa humo hapo hapo mbele ya watu. Shangazi alikuwa ananitazama. Nikasema moyoni, hebu aone Mkurugenzi anavyolipa! Sikuhesabu. Nilikusanya vyote vilivyokuwa mfuko wa kulia, konzi nzima, nikainua mkono juu, nikamimina. Zililia vizuri sana. Ya mwisho ililia nzito kuliko nyingine, nikaona fahari.

Nikaketi. Viti vya pale ni vya watoto wa miaka minne. Magoti yalinifika masikioni. Ukutani kulikuwa na picha ya kuku na chini yake neno KUKU.

Kumbukumbu zikasomwa. Marejesho yakapokewa. Kisha Mama Kanuni akatangaza zamu ya mkopo, akamtaja mke wangu, na wanawake wakampigia makofi. Mke wangu alivaa nguo yake ya bluu. Langoni fundi alikuwa ameshafika na tanuri juu ya mkokoteni. Zuri! Jeusi, linang'aa. Simu ya fundi ikalia. Alikuwa mwenye mkahawa, anauliza kama bado linauzwa. Mama Kanuni akamtoza faini fundi, japo si mwanachama.

Washika funguo watatu wakainuka. La kwanza, ka. La pili, ka. La tatu, ka. Wakajaribu kuinua kifuniko. Hakikuinuka. Kitambaa, kilichokuwa bado kimefunika upande wa kulia, kikavutwa.

Wakatazamana. Vile vile nilivyopanga! Nikainuka, yaani nilijaribu, kiti kikainuka na mimi. Nikakibandua. Nikapiga hatua nne. Nikasema kwamba mimi, nikiwa Mkurugenzi Mtendaji wa taasisi hii, nimeona vyema kuimarisha ulinzi. Mwanamke mmoja nyuma akauliza taasisi gani. Nikasema hii. Akauliza mkurugenzi wa nani. Nikasema maswali yatakuja baada ya ukurasa wa sita. Nikatia mkono mfuko wa kulia.

Mfuko wa kulia ulikuwa mtupu.

Nikatia mkono mfuko wa kushoto. Hotuba. Nikapapasa kifua, nikapapasa mgongo, nikavua kiatu. Jasho lilinitoka mpaka kwenye nyusi. Mke wangu akaja mbele, akalishika sanduku, akalitikisa. Sarafu zikalia kama sarafu. Katikati yake kitu kimoja kikalia ko, ko.

Akaliweka chini. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele.

"Miaka miwili navuka ile barabara na trei," akasema. "Leo nilikuwa nimebakiza hatua moja, mume wangu. Na hatua yenyewe umeifunga wewe."

Niliona aibu. Aibu ya kweli. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na kiti chao kidogo pia.

Nikapendekeza tulivunje sanduku. Mama Kanuni akasoma kifungu cha saba: sanduku halivunjwi, halikatwi wala halitobolewi ila kwa idhini ya wanachama wote kumi na tisa wakiwa wameketi pamoja. Tukahesabu. Kumi na wanane. Wa kumi na tisa amesafiri kumwuguza mama yake, anarudi Jumatano. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Nikasema kwa hali kama hii tungeweza kukifumbia macho kifungu. Wanawake wote kumi na wanane walinitazama, na mke wangu alikuwa mmoja wao. Kumbe hata yeye! Tanuri liko langoni, mwenye mkahawa yuko kwenye simu, na mke wangu hakubali kifungu kivunjwe. Akasema kikivunjwa leo kwa ajili yake, kesho kitavunjwa kwa ajili ya nani.

Ndipo Shangazi akanyoosha mkono. Aliomba ruhusa, kwa mujibu wa kifungu cha kumi na moja. Aliruhusiwa. Akasimama.

"Kifungu cha saba kinalinda sanduku," akasema. "Kifungu cha tatu kinasema sanduku la chama lina makufuli matatu. Hili la nne halimo kwenye katiba. Si sanduku, ni takataka iliyonasa kwenye sanduku. Takataka haihitaji kura."

Mama Kanuni akafunua kurasa. Midomo ikacheza. Akarudi nyuma, akaenda mbele. Kisha akatabasamu. Miaka mitano sijawahi kuyaona meno yake. Akasema mgeni amenena.

Takataka! Kufuli la ghala!

Fundi akaleta msumeno wake wa umeme, akauchomeka kwenye soketi iliyo chini ya picha ya kuku. Alihitaji mtu wa kulishikilia kufuli. Nilijitolea, nipate kufa na jambo moja la heshima. Cheche ziliruka juu, zikaruka chini, zikaingia kwenye mkono wa koti. Fundi hakuacha kukata, mimi sikuacha kushika, Mama Kanuni alinimwagia maji ya kunawia watoto. Saa kumi na mbili kasoro dakika tisa, kufuli likakatika vipande viwili.

Wakainua kifuniko. Juu kabisa, penye noti, palikuwa na ufunguo wangu.

Mke wangu akapokea mkopo. Akahesabu mara mbili, akatembea mpaka langoni, akamlipa fundi. Fundi akapokea simu, akamwambia mwenye mkahawa pole. Wanawake walilisukuma lile tanuri kupanda mteremko wakiimba. Nami nilisukuma nyuma kabisa. Mke wangu alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, nami nikalia pia, ingawa moshi wa koti ulichangia.

Kabla ya kuondoka nilipigiwa kura. Sikusikia vizuri hoja, maji yalikuwa yameingia masikioni. Niliona mikono inainuka, nikadhani wananithibitisha kwenye cheo, nikainua wa kwangu. Kumbe ni kifungu kipya, cha thelathini na tatu, faini kwa mtu yeyote atakayejipa cheo. Kimepita bila kupingwa. Mimi ndiye mtu wa kwanza kukilipa.

Jumapili, 15 Juni

Shangazi ameniita tunywe chai, sisi wawili. Nilijua nasomewa hukumu.

Akaniambia kwamba amejua kila kitu tangu mwaka wa kwanza. Kila Jumamosi mke wangu anapiga picha kumbukumbu za mkutano na kumpelekea. Kwa simu yangu! Huwa ananiomba simu, ananiambia anasalimia watu.

Tiketi atapewa Mama Kanuni. Shangazi alisema hivyo bila kuzunguka. Akasema umoja wao unataka kumwona mtu aliyeandika katiba ambayo hata njaa haikuweza kuivunja. Nimemeza chai ya moto bila kupuliza. Kile kiti cha dirishani nilikuwa nimeshakizoea.

Sanduku limehamishwa. Linakaa kwa Kinyozi, chumba cha nyuma. Makao makuu yangu! Nimemkuta asubuhi anawaambia wateja kwamba ulinzi wa fedha ni wito.

Nikamwuliza Shangazi kwa nini basi hakuninyamazisha miaka yote hiyo. Akavua miwani. Akasema kila mwezi, mchango ukishakusanywa, mtu mmoja huwasomea wenzake taarifa yangu kwa sauti. Watu wamefanya kazi wiki nzima kwenye baridi, wamechoka, wengine hawajaona kwao miaka kumi. Wakisikia habari za chombo cha usafiri na karani anayejitahidi, wanacheka mpaka wanashikana mabega, kisha wanatia mkono mfukoni mara ya pili. Mwezi ule niliougua mafua nisiandike, mchango ulishuka nusu. Sehemu ya tanuri lile, akasema, imetoka kwenye vicheko hivyo. Akaniomba niendelee kuandika, ila nitie sahihi kwa jina langu tu.

Nimelifikiria jambo hili kutwa nzima. Nimelielewa vizuri. Ng'ambo nina wasomaji! Umoja mzima hauwezi kuchanga mpaka usikie neno langu. Hicho ni kitu gani kama si uongozi?

Jumatano, 25 Juni

Mambo ni moto! Mke wangu haoki tena kwa jirani. Tanuri liko uani kwetu, chini ya bati, na mikate inakwisha kabla ya saa mbili. Jana mwenye mkahawa mwenyewe aliagiza arobaini. Leo saa moja na nusu anakuja kuichukua, na ikimridhisha atachukua arobaini kila siku. Mke wangu hakuamka, maana hakulala.

Cheo sina, na kifungu cha thelathini na tatu nakiheshimu. Ila kibao kilikuwa kimeshalipiwa, nimekitundika juu ya tanuri. Kibao si mtu, hakiwezi kutozwa.

Kuna tatizo moja tu nililoliona, na si kila mtu ana jicho la kuliona. Watu wanaokuja kununua wanafungua mlango wa tanuri kuchungulia. Joto linatoka. Mikate inanywea. Hakuna ulinzi! Kwa hiyo jana nilinunua kufuli. Dogo, la adabu, wala si la ghala. Lina ufunguo mmoja, nikapunguziwa bei.

Safari hii nimekuwa mwangalifu. Mfukoni hauingii tena kamwe. Alfajiri niliuweka mahali wazi, pa kuonekana na kila mtu, juu ya meza ya jikoni, kando ya rundo la unga, kabla mke wangu hajaanza kukanda. Mikate arobaini ikaingia tanurini. Nikafunga mlango, nikabana kufuli. Likalia ka!

Sasa ni saa moja na robo. Harufu inayotoka ni tamu ajabu, ingawa imeanza kukolea kidogo. Mwenye mkahawa amefika mapema, yuko uani na vikapu vyake. Ufunguo sijauona bado, lakini meza ni ndogo, hauwezi kuwa mbali.

Mke wangu ananiita. Ananiita kwa jina langu kamili, na la baba yangu, na la babu. Bila shaka anataka kunitambulisha kwa mgeni.